Mashine ndani ya mashine: Historia ya tarakilishi pepe

MTU anayekodi seva kutoka kampuni ya ng'ambo hupewa nywila, anwani ya mtandao na maelezo kuhusu ukubwa wa kumbukumbu na diski. Anaweza kuiwasha, kuizima, hata kuivuruga kabisa na kuianza upya. Asichopewa ni tarakilishi yenyewe. Kile anachokiita seva yake ni faili kadhaa pamoja na zamu ya kutumia prosesa, ndani ya mtambo ambao huenda unawahudumia makumi ya wateja wengine wasiojuana. Mfumo endeshi aliouweka humo, uwe Windows au Linux, hauna habari. Umeaminishwa kwamba mtambo mzima ni wake.

Ulaghai huu wenye manufaa ndio unaoitwa mashine pepe. Wasomaji wamelizoea neno pepe katika barua pepe, lakini wakulima wa mpunga walikuwa nalo zamani kwa maana ya punje ambayo kwa nje ni nafaka kamili ilhali ndani ni ganda tupu. Maana hiyo ya shambani ndiyo inayofaa hapa kuliko ile ya posta. Mashine pepe ina kila dalili ya tarakilishi isipokuwa chuma.

Programu inayozitengeneza mashine hizo na kuzisimamia huitwa haipavaiza. Kiini cha mfumo endeshi, ambacho kazi yake ni kugawa prosesa na kumbukumbu miongoni mwa programu, wahandisi wa zamani walikiita msimamizi. Ilipohitajika programu ya kuwasimamia wasimamizi wenyewe, ilipewa jina la kuonyesha kwamba iko ngazi moja juu yao.

Aghalabu teknolojia hii huzungumziwa kana kwamba ilizaliwa pamoja na intaneti. Sivyo. Ina umri wa takriban miaka 60, na kwa zaidi ya nusu ya umri huo iliishi katika mitambo mikubwa ya kampuni moja tu, IBM ya Marekani, ambayo nayo wakati fulani ilikaribia kuiua.

Foleni ya kadi

Katika miaka ya 1950 tarakilishi moja iligharimu mamilioni ya dola na kujaza chumba. Mtumiaji hakuigusa. Alitoboa programu yake kwenye kadi, akamkabidhi mhudumu bunda la kadi hizo, kisha akangoja kwa saa kadhaa au hadi kesho yake. Kama alikuwa amekosea herufi moja, alirudi kwenye foleni.

Mwaka 1959, katika kongamano la Unesco lililofanyika Paris, Mwingereza Christopher Strachey aliwasilisha makala kuhusu kugawana muda wa tarakilishi. Hoja yake ilikuwa kwamba mtambo una kasi mno kiasi kwamba unaweza kumhudumia mtu wa pili wakati wa kwanza angali anafikiri. Katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa aina hiyo Novemba 1961. Uliitwa CTSS. Watu kadhaa waliketi mbele ya taipureta, kila mmoja akipata majibu papo hapo.

Wakati huohuo, katika Chuo Kikuu cha Manchester, kundi la Tom Kilburn lilikuwa likitatua tatizo jingine. Kumbukumbu ya kasi ilikuwa ghali na ndogo, nayo iliyo nafuu ilikuwa ya polepole. Mtambo wao wa Atlas, uliozinduliwa mwaka 1962, ulizihamisha kurasa za data kutoka kumbukumbu moja hadi nyingine wenyewe, hivi kwamba mwandishi wa programu aliona hifadhi moja kubwa iliyounganika. Anwani aliyoitumia haikuwa mahali halisi katika mtambo. Ilikuwa jina tu, na mtambo ndio uliotafsiri jina hilo kuwa mahali.

Ugawanaji wa muda pamoja na anwani zisizo halisi ndivyo vitu viwili ambavyo mashine pepe isingewezekana bila navyo. Kilichosalia ni mtu wa kuviunganisha.

Waasi wa Cambridge

Aprili 1964 IBM ilitangaza familia mpya ya mitambo, System/360, iliyokusudiwa kumfaa kila mteja, mkubwa kwa mdogo. Ilikuwa na kasoro moja iliyowaudhi watu wa MIT: haikuwa na uwezo wa kutafsiri anwani kama Atlas. Mwaka huohuo MIT iliiacha IBM na kuchagua mtambo wa General Electric kwa ajili ya mradi wake mkubwa wa kugawana muda, Multics. Maabara ya Bell nayo ikajiunga na mradi huo. Kwa kampuni iliyozoea kushinda, hilo lilikuwa pigo.

IBM ilijibu kwa njia mbili. Njia rasmi ilikuwa mfumo endeshi mpya uitwao TSS, uliopewa mamia ya wahandisi na mtambo maalumu, System/360 Model 67. Njia isiyo rasmi ilianzia katika kituo kidogo cha sayansi ambacho Norman Rasmussen alikuwa amekifungua mapema mwaka huo mjini Cambridge, Massachusetts, katika jengo lililokuwa pia makao ya mradi wa MIT. Huko, Robert Creasy, aliyewahi kuufanyia kazi mfumo wa CTSS, aliongoza kikundi cha watu wachache waliokuwa na wazo la ajabu.

Mifumo mingine ya kugawana muda ilijaribu kufanya mambo mawili kwa pamoja: kuwagawia watumiaji mtambo, na kumpa kila mmoja mazingira mazuri ya kufanyia kazi. Mchanganyiko huo ndio uliofanya mifumo hiyo iwe mikubwa na yenye kuchelewa. Creasy na Les Comeau waliyatenganisha. Programu moja, CP, ingefanya kazi ya kugawa tu, na mgao wake ungekuwa nakala kamili ya System/360, si zaidi wala pungufu. Programu ya pili, CMS, ingekuwa mfumo endeshi mwepesi wa mtu mmoja ndani ya nakala hiyo. Mwenye kupenda mfumo mwingine angeuweka, kwa kuwa nakala ni sawa na mtambo wenyewe.

Neno la mashine pepe lilitokana na maabara nyingine ya kampuni hiyohiyo, iliyoko Yorktown Heights, New York. Watafiti wa huko walikuwa wameurekebisha mtambo wa 7044 na kuunda ndani yake mashine za kuigiza, katika mradi ulioitwa M44/44X. Hata hivyo, mashine zao zilifanana na mtambo halisi kwa kiasi tu. Wana Cambridge walipata funzo hapo: mfano unaokaribia hautoshi, kwa sababu mfumo endeshi uliotungwa kwa ajili ya mtambo fulani utajikwaa kwenye tofauti ya kwanza utakayokutana nayo.

CP-40, kama ilivyoitwa kwa kuwa ilitumia Model 40 iliyoongezewa kifaa cha kutafsiri anwani, ilianza kazi Januari 1967 ikiwa na uwezo wa kuendesha mashine pepe 14 kwa wakati mmoja. Siri yake ni rahisi kueleza. Mitambo ya System/360 ilikuwa na hali mbili za kufanyia kazi, hali ya mamlaka na hali ya kawaida. CP peke yake ndiyo iliyokaa katika hali ya mamlaka. Mifumo endeshi iliyokuwa chini yake, iliyodhani ina mamlaka, iliwekwa katika hali ya kawaida. Kila mmoja ulipotoa amri nyeti, mathalani kuandika kwenye diski, mtambo uliikataa amri hiyo na kuipasha CP habari. CP iliitekeleza kwa niaba ya mwombaji kwa namna isiyowadhuru wengine, kisha ikamrudishia zamu yake. Mwombaji hakujua kwamba ombi lake lilikuwa limepitia kwa mwenye nyumba.

Mfumo huo ulihamishiwa kwenye Model 67 na kuitwa CP-67. Hapo ndipo kisa kilipogeuka. TSS, pamoja na mamia ya wahandisi wake, ilikuwa nzito na yenye hitilafu tele, na hatimaye mwaka 1971 ilitelekezwa. Wateja waliokuwa wamenunua mitambo ghali wakaachwa bila mfumo wa kuiendesha ipasavyo. Maabara ya Lincoln ya MIT ilikuwa miongoni mwa waliotangulia kuiomba CP-67, na wengine wakafuata. Mradi ambao wakuu wa IBM hawakuwa wameupangia soko ukawa unatumika.

Manufaa yake makubwa hata wabunifu wenyewe hawakuyatarajia yote. Awali, aliyetaka kufanyia majaribio mfumo endeshi mpya alilazimika kungoja usiku wa manane, wakati mtambo hauna kazi, maana kosa moja lingeusimamisha wote. Sasa angeweza kukosea mchana kweupe ndani ya mashine pepe yake, na jirani asisikie. Wahandisi walikwenda mbali zaidi. Waliirekebisha CP-67 ili iigize System/370 yenye kumbukumbu pepe kabla mtambo wenyewe haujaundwa, wakawa wanaiandikia programu mashine isiyokuwepo. Agosti 1972 IBM ilipoutangaza uwezo huo hadharani, ilitangaza pia VM/370, mrithi wa CP-67, safari hii kama bidhaa rasmi.

Urasmi huo haukuwa kinga. Wakuu wa kampuni waliamini kwamba mustakabali ulikuwa katika mfumo wao mkuu, MVS, na katikati ya miaka ya 1970 wakaamua kukifunga kituo cha Burlington, Massachusetts, kilichokuwa kikiitunza VM, ili wahandisi wake wahamie New York kuisaidia MVS. Wengi walikataa kuhama na kutafuta ajira kwingineko. VM iliponea chupuchupu, kwa sababu wateja walipiga kelele, na kwa sababu nyingine yenye kinaya: waliokuwa wakiunda toleo jipya la MVS walihitaji mashine pepe za kulifanyia majaribio. Vizazi vya mfumo huo havijakatika. Kilichopo leo kinaitwa z/VM.

Sheria iliyokiukwa

Mwaka 1974 Gerald Popek wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Robert Goldberg wa Harvard walichapisha makala fupi iliyoyatia mambo haya katika mizani ya hisabati. Kwa maoni yao, haipavaiza halali ina sifa tatu. Programu ndani yake hufanya kazi sawa na zingalivyofanya nje. Rasilimali zote ziko chini ya mamlaka yake. Na amri nyingi mno hutekelezwa na prosesa moja kwa moja bila ya kuingiliwa, la sivyo kasi hupotea. Kisha wakatoa sharti la mtambo wenyewe: kila amri inayogusa mamlaka lazima ikataliwe na prosesa inapotolewa na asiye na mamlaka. Ikiwa kuna hata moja inayopita bila kukataliwa, mwenye nyumba hatajua kwamba mpangaji amejaribu kugusa mitambo ya jengo.

Makala hiyo ilisomwa, ikasifiwa, ikawekwa kabatini. Tarakilishi za mezani zilikuwa njiani na bei zilikuwa zikishuka. Kwa nini mtu agawane mtambo wakati anaweza kununua wake? Intel ilipounda prosesa ya 8086 mwaka 1978, suala la mashine pepe halikuwa na nafasi mezani. Mwaka 1985 prosesa ya 80386 iliongezewa uwezo wa kuigiza 8086 kadhaa, jambo lililoziwezesha programu kuukuu za DOS kuendeshwa pamoja, lakini haikuweza kujiigiza yenyewe.

Mfano wa kasoro yake ni amri iitwayo POPF. Ikitolewa na mwenye mamlaka, hubadilisha alama inayoruhusu au kuzuia vikatizo kutoka kwa vifaa. Ikitolewa na asiye na mamlaka, prosesa haiikatai wala haipigi kelele. Huipuuza sehemu hiyo kimyakimya na kuendelea. Mfumo endeshi ulio ndani ya mashine pepe utaamini umezuia vikatizo, haipavaiza haitapata habari yoyote, na baada ya muda mfupi kila kitu kitavurugika. Mwaka 2000 watafiti Robin na Irvine walizihesabu amri za namna hiyo katika prosesa ya Pentium na kupata 17.

Kufikia hapo wengi walikuwa wamekubali kwamba mashine pepe katika familia hiyo ya prosesa haiwezekani, angalau kwa kasi ya kuridhisha. Waliobisha walitoka Chuo Kikuu cha Stanford. Mendel Rosenblum na wanafunzi wake, akiwemo Edouard Bugnion na Scott Devine, walikuwa wamechapisha mwaka 1997 mradi ulioitwa Disco, uliorejesha wazo la IBM kwenye mitambo ya kisasa yenye prosesa nyingi. Mwaka uliofuata watatu hao, pamoja na Diane Greene na Ellen Wang, waliasisi kampuni ya VMware.

Mbinu yao ilikuwa kumsoma mpangaji kabla hajasema. Programu za kawaida ziliachwa ziende moja kwa moja kwenye prosesa. Lakini msimbo wa kiini cha mfumo endeshi ulipitiwa kipande kwa kipande papo hapo, na pale palipokuwa na amri kama POPF pakawekwa amri nyingine salama inayoita haipavaiza. Vipande vilivyokwisha kutafsiriwa vilihifadhiwa ili visitafsiriwe mara ya pili. Kazi hiyo ilikuwa ngumu mno, na ndiyo iliyowatenga VMware na washindani wao kwa miaka kadhaa. Bidhaa yao ya kwanza ilitoka Mei 1999. Mtu aliweza kufungua Windows ndani ya dirisha la Linux, au kinyume chake, na ikamjia kama kiini macho.

Fedha, hata hivyo, hazikuwa katika madirisha. Kampuni nyingi zilikuwa na vyumba vilivyojaa seva, kila moja ikifanya kazi moja na kukaa bure sehemu kubwa ya siku, huku ikila umeme na kuhitaji kupozwa. Mwaka 2001 VMware ilitoa toleo la seva, na seva 10 zikawezekana kuwekwa katika moja. Mwaka 2003 ikaongeza uwezo wa kuhamisha mashine pepe kutoka mtambo mmoja hadi mwingine bila kuizima, na watumiaji wake wasitambue. Kampuni ya EMC iliinunua kwa takriban dola milioni 635, bei ambayo baadaye ilionekana kuwa ya kutupa.

Mwaka huohuo wa 2003 jibu la pili lilitoka Cambridge nyingine, ile ya Uingereza. Ian Pratt, Keir Fraser na wenzao katika chuo kikuu cha mji huo waliuliza kwa nini mpangaji adanganywe. Haipavaiza yao, Xen, ilimweleza mfumo endeshi ukweli: huna mamlaka, kwa hivyo ukihitaji jambo, omba. Kasi ilikuwa nzuri ajabu, lakini sharti mfumo endeshi ubadilishwe kwanza, na hilo lilifaa kwa Linux, ambayo msimbo wake uko wazi, kuliko kwa Windows.

Intel ilisahihisha kasoro hiyo Novemba 2005 kwa kuzipa prosesa zake hali mpya ya kumkaribisha mgeni, na AMD ikafanya vivyo hivyo Mei 2006. Sharti la Popek na Goldberg likatimizwa baada ya miaka 31. Kuanzia hapo kuunda haipavaiza hakukuhitaji tena ujuzi wa kipekee. Avi Kivity wa kampuni ya Qumranet aliandika KVM, iliyoingizwa katika Linux mwanzoni mwa 2007, na Microsoft ikatoa Hyper-V mwaka 2008.

Wingu lililotokea Cape Town

Agosti 2006 Amazon, iliyojulikana kwa kuuza vitabu, ilianza kukodisha mashine pepe kwa senti 10 za Marekani kwa saa. Huduma hiyo, EC2, ilitegemea Xen. Jambo ambalo si wengi hulikumbuka ni kwamba iliundwa barani Afrika. Chris Pinkham, mhandisi wa Amazon mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwa amenuia kurudi kwao, na badala ya kumpoteza kampuni ilimruhusu afungue ofisi Cape Town. Kikundi alichokikusanya huko, akiwemo Willem van Biljon, ndicho kilichoijenga. Ajabu ni kwamba wateja wa Afrika walilazimika kuitumia kupitia vituo vya mabara mengine hadi Aprili 2020, Amazon ilipofungua kituo chake cha data cha kwanza barani humo, papo hapo Cape Town.

Baada ya hapo swali likawa la ukuta. Wapangaji wa IBM walikuwa wafanyakazi wa taasisi moja. Wa Amazon ni watu wasiojuana, na baadhi yao huenda ni wahalifu. Mei 2015 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina Venom katika sehemu ya QEMU, programu inayoviigiza vifaa kwa ajili ya Xen na KVM. Kasoro ilikuwa katika kuigiza kifaa cha diski laini za zamani, ambazo hakuna aliyekuwa akizitumia, na ilikuwa imekaa humo tangu 2004. Mpangaji mwovu angeweza kuitumia kutoka nje ya mashine yake. Januari 2018 zikafuata Meltdown na Spectre, zilizobainisha kwamba prosesa zenyewe, kwa tabia yao ya kutangulia kukisia amri zinazofuata, zilivujisha siri za jirani. Huko programu ya ukuta haikuwa na kosa. Nyufa zilikuwa katika msingi.

Kwa upande mwingine kulikuwa na waliouona ukuta kuwa mnene kupita kiasi. Kila mashine pepe hubeba mfumo endeshi mzima, hata kama kazi yake ni kuendesha programu moja ndogo. Unix ilikuwa na njia ya kuifungia programu katika sehemu moja ya faili tangu 1979, na FreeBSD ikaiimarisha mwaka 2000. Linux ilipopata uwezo wa kuwekea vikundi vya programu kikomo cha rasilimali, mwaka 2008, njia ikawa wazi kwa kontena, na mwaka 2013 Docker ikazifanya kuwa nyepesi kutumia. Jina lilitoka bandarini, na yeyote aliyeiona bandari ya Mombasa ataelewa sababu: haidhuru ndani mna chai au vyuma, winchi hulinyanyua kasha kwa namna ileile. Lakini kontena zote katika mtambo mmoja hutumia kiini kimoja, na kiini kikitobolewa, zote zimo hatarini. Ndiyo sababu Amazon mwaka 2018 ilitoa Firecracker, haipavaiza ndogo inayoweza kuanzisha mashine pepe kwa milisekunde 125, ili kazi za muda mfupi za wateja zisichangamane.

VMware nayo ilibadilisha mikono tena. Dell iliinunua EMC mwaka 2016, na Novemba 2023 Broadcom ikakamilisha ununuzi wa VMware kwa takriban dola bilioni 69. Mwezi uliofuata ilikomesha uuzaji wa leseni za kudumu, na wateja wakatakiwa kulipa kwa kipindi. Kampuni ya simu ya AT&T ilikwenda mahakamani mjini New York mwaka 2024 ikidai kunyimwa huduma iliyokuwa katika mkataba wake wa awali, na pande hizo zikapatana kabla ya mwisho wa mwaka. Taasisi nyingine zimeanza kuhamia haipavaiza zilizo huru, KVM ikiwemo, kazi inayohitaji kuhamisha mamia au maelfu ya mashine pepe moja baada ya nyingine.